Kwa Baba, Aliyeita Mara Moja

Baba yangu wa Kolo, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Dodoma, kwenye kibanda cha kushonea alichonijengea mume wangu nyuma ya stesheni. Huku tunakula vumbi kuliko ugali, na upepo wa mwezi huu haumwachi mtu akamaliza neno lake. Barua hii siifungi. Nimeiandika kwa Kiswahili, wala si kwa Kireno chako, ili kila itakayempitia mkononi aweze kuisoma kwa sauti: mshika bendera wa treni, mpagazi, fundi wa reli, hata karani wa Mdachi akipenda. Huenda mmoja wao akaisoma mahali ambapo wewe umekaa kimya pembeni ukisikiliza. Siku zote ulipenda kukaa pembeni.

Wao hawakujui, kwa hiyo nitakukumbusha mambo mengi ambayo wewe unayajua. Nivumilie. Ulizoea kunivumilia.

Ulikuja kwa mama, kule kijijini Kolo, nikiwa nang'oka meno ya utoto. Baba aliyenizaa alikuwa amekwisha kufa, na wewe ulikuwa umebaki Kondoa kama mzigo uliosahaulika njiani, baada ya kufa yule mfanyabiashara aliyekununua. Watu walikuita Saidi. Wewe ulituambia kwamba kabla ya hapo uliitwa Tomé, huko Ibo, kisiwa cha Wareno kusini ya mto Ruvuma, katika nyumba ya bwana mmoja mliyoitumikia wewe na dada yako Luzia. Ulichukuliwa huko hujafikia hata kimo cha mlango. Mama alipokuwa na furaha alikutania: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Nawe ulimwinulia mguu umwonyeshe. "Kamba imekatika, mke wangu. Hiki unachokiona ni kovu." Mama alicheka, kisha akageuka akachochea moto muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Siku ya kwanza uliyoniita kwa jina langu nilikuwa shambani nafukuza ndege kwenye mtama. Nilikusikia vizuri. Nikakaa kimya nikisubiri uite tena, kama wafanyavyo watoto wote duniani. Hukuita tena. Niliporudi nyumbani jua likiwa limeinama, chakula kilikuwa kimekwisha.

"Nilikuita," ulisema.

"Mara moja tu, baba."

"Mtu huitwa mara moja. Kule Ibo nilikuwa naitwa mara moja, mara ya pili ilikuwa fimbo. Mimi sina fimbo, kwa hiyo sina mara ya pili."

Nililala njaa, na nilikuchukia mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo sikusubiri tena. Unakumbuka, hata nikiwa juu ya mti nilikuwa naitika kwanza, ndipo naanza kushuka. Hili nataka walikumbuke wote wanaosoma: nilikujua. Nilijua kwamba huiti mara mbili.

Nilipokua, mama alinipeleka Kondoa kwa dada yake, na huko nikapata kazi kwa fundi cherehani Mgoa aliyekuwa akishona nguo za askari karibu na boma. Kazi yangu ilikuwa matundu ya vifungo. Fundi alinifundisha herufi za kizungu ili niweze kusoma majina aliyoandika kwenye vikaratasi vya vipimo, nisije nikampa mnene suruali ya mwembamba. Katika vitu vyake alikuwa na kitabu cha sarufi ya Kireno, hakina jalada, mchwa wamekula pembe zote. Nilipomwambia kwamba baba yangu anajua lugha hiyo alishangaa, akanipa kile kitabu, nami nikamletea kuku mweupe. Nadhani alimpenda kuku zaidi.

Basi niliporudi Kolo tukaanza ule ujinga wetu mtamu. Mimi nilijua kusoma lakini sikuelewa hata neno. Wewe ulielewa kila neno lakini herufi kwako zilikuwa nyayo za sisimizi. Tulipanda juu ya paa la tembe, pale tulipokuwa tunaanika mtama, mimi nikatamka nilichokiona, kombokombo, nawe ukafumba macho ukisikiliza. Mara nyingi ulitikisa kichwa. Halafu neno moja likakugonga, ukafumbua macho, ukanitazama kana kwamba limetoka kwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. "Sema tena," ulisema. Nikasema tena. Ukafuta uso kwa kiganja. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kulilia neno "mlango."

Tulipofika kwenye ukurasa wa vitenzi tulikaa siku nyingi. Kitabu kilisema kuna vitenzi vya namna mbili, nawe ukanieleza kwa njia yako, na sijapata kumsikia mtu mwingine akieleza hivyo. Ulisema kuna vitenzi vilivyoshiba na vitenzi vyenye njaa. *Dormir*, kulala, kimeshiba. Mtu amelala, basi, hadai kitu. *Morrer*, kufa, nacho kimeshiba. Lakini *ver*, kuona, kina njaa: umeona nini? *Vender*, kuuza: umeuza nini, umemuuza nani? Kitenzi chenye njaa kinasimama na mkono wazi mpaka kipewe mtendwa. Ukikiacha hivyo kitakusubiri.

"Kitasubiri mpaka lini?" niliuliza kwa utundu.

"Hakina kazi nyingine," ulisema.

Sitasahau siku niliyotaka kusema kwamba nampa punda maji. Nilichanganya mtendwa na mpewa, nikawa nimeyapa maji punda wangu, yamchukue moja kwa moja: *dou o burro à água*. Ulicheka mpaka mtama ukamwagika toka paani, na mama akatoka nje na mwiko kuuliza kama tumerogwa. Kwa mwezi mzima, nikipita na ndoo, uliniuliza kama mto umeshiba punda.

Lakini uliposema habari zako mwenyewe hukucheka. Niligundua kwamba katika Kireno chako wewe hukuwa mtenda hata mara moja. *Venderam-me*, waliniuza. *Levaram-me*, walinichukua. *Bateram-me*, walinipiga. Sentensi zote zilianzia kwa watu wasiotajwa na kukuangukia wewe mwishoni. Nilikuuliza ni akina nani hao. Ulisema, "Hawakuniambia majina."

Ndipo siku moja ukanipandisha kwenye mwamba wenye picha. Watoto wa Kolo hatukuruhusiwa kwenda bila wazee, kwa sababu wazee hupeleka pombe ya asali pale na kuwaomba waliotangulia, lakini wewe ulikuwa mgeni, nawe ulidai kwamba hujui makatazo. Ulikuwa unajua. Tulifika jua likiwa utosini, na chini ya ule mwamba kulikuwa na baridi ya ajabu. Wale watu wembamba wekundu walikuwa pale ukutani kama walivyokuwa kabla ya bibi wa bibi yangu. Ukanionyesha wawili waliomshika mmoja mikono, huku na huku.

"Mtenda?"

"Hawa wa pembeni."

"Kitenzi?"

"Kushika. Kina njaa."

"Na mtendwa?"

Niliweka kidole karibu na yule wa katikati, bila kumgusa. Ukasema taratibu, "Huyo namfahamu." Kisha ukanionyesha mwingine aliyekuwa peke yake kwenye ncha ya mwamba. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa, na pale mbele ya vidole jiwe lilikuwa limebanduka. Kilichokuwa kimeshikwa kilikwisha kupotea. Nilikuuliza alikuwa ameshika nini. Upepo ulipita mle chini ukatoa sauti kama mtu anayetaka kuanza kusema, nasi tukashuka upesi, wewe mbele, mimi nyuma, na njia nzima nilihisi ule mkono uko nyuma ya shingo yangu.

Katika kitabu kulikuwa na sentensi moja uliyoipenda. *O pai chama a filha.* Baba anamwita binti. Uliifanya mchezo wetu. Popote nilipokuwa, ulisema nusu yake ya kwanza, *o pai chama*, baba anamwita, ukanyamaza. Kazi yangu ilikuwa kukipa kitenzi chakula chake: *a filha*. Kisimani, kwenye zizi, siku ya sokoni mbele za watu waliodhani tuna wazimu. Uliita mara moja, nami nikamaliza. Tangu hapo hukuniita kwa jina langu tena, na mimi sikulikosa.

Barua kwa Luzia tuliiandika mwishoni mwa kiangazi kile. Karatasi tano ziliharibika. Ulitaka kuanza na *venderam-me*, nikakataa, nikakuambia dada yako analijua hilo, alikuwepo. Nikakwambia uandike unachofanya wewe. Kuku wakaingia kulala. Kisha ukasema, na sauti yako ilikuwa ndogo: *procuro a minha irmã*. Namtafuta dada yangu. Mtenda ni wewe. Nilipoliandika hilo ulinitaka nikusomee mara nyingi, wewe usiyependa jambo kurudiwa.

Hatukuwa na wa kumpa barua ile. Halafu vita vya kusini vikaanza, na askari wa boma wakapita vijijini kuchukua wapagazi. Wengine walikimbilia milimani. Wewe ulikaa mlangoni ukiwasubiri, kibuyu chako cha maji begani, kile kilichopasuka nikakishona ule ufa kwa uzi mwekundu wa fundi, mshono wa tundu la kifungo, kwa sababu ndio niliokuwa naujua. Mama alikuuliza kama una akili. Ulisema kusini ni kusini, na mto Ruvuma uko huko huko. Hukutuaga vizuri. Ulipofika kwenye mgomba wa mwisho uligeuka, ukasema *o pai chama*, nikakujibu, ukaenda.

Mavuno ya kwanza yakapita, na ya pili. Waliorudi hawakuwa na habari zako. Mavuno ya tatu yalipoingia ghalani, bibi, yaani mama yake mama, akasema imetosha. Unajua ukoo wetu ulivyo: mtu akipotea mavuno matatu huzikwa kitu alichokuwa akikigusa kwa mdomo, ili roho yake isitange na kugonga milango ya watu. Kibuyu chako ulikuwa umeondoka nacho. Hapo ndipo pa ajabu, baba. Siku mbili kabla ya mazishi mama alikikuta kibuyu kile kile, na mshono wangu mwekundu, kimening'inia kwenye kigingi nyuma ya mlango. Bibi alisema pengine hukuondoka nacho. Mimi nilikiona begani mwako. Mama naye alikiona. Tulitazamana.

Hitima ikasomwa, mbuzi akachinjwa, na kibuyu kikafukiwa nyuma ya tembe, karibu na ukuta. Kwetu dini na mila hulala kitanda kimoja, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Kisha bibi akatukalisha chini, akatukumbusha sharti. Aliyekwisha kuzikwa akisikika anaita, usiitike. Mwito wa kwanza ni wa upepo. Wa pili ni wa mzimu. Mzimu hana pumzi ya tatu, kwa hiyo wa tatu ni wa mtu aliye hai, na huo ndio unaoitikiwa. Bibi hakuwa akitutisha bure. Mwanawe wa kwanza aliitika mwito mmoja akiwa machungani, na kabla ya mvua alikuwa amekufa. Mwacha mila ni mtumwa, alisema bibi, wala hakufikiri neno hilo linamhusu nani.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa, nimerudi kwa mama kujifungua. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

Ilikuwa mchana mweupe, baba. Nataka walijue hilo wale wanaodhani mambo haya yana saa zake. Jua lilikuwa kali mpaka kuku walikuwa wamelala chini ya ghala midomo wazi. Mama alikuwa anasaga, bibi anachambua mtama, mimi nashona nguo ya mtoto. Jiwe la mama likasimama lenyewe. Na kutoka nyuma ya ukuta, pale pale ulipofukiwa, sauti yako ikasema, si kwa nguvu, kama ulivyokuwa ukisema siku zote:

"*O pai chama.*"

Hakuna mtu mwingine Kolo yote ajuaye maneno hayo. Hakuna upepo ujuao Kireno. Nilifungua mdomo, na neno lilikuwa tayari ulimini. Bibi akaniwekea mkono tumboni, hakuniziba mdomo, tumboni tu. Akasema, "Moja."

Tukasubiri. Mtoto alijigeuza ndani yangu. Mama alikuwa akinitazama, machozi yakimchuruzika, na mikono yake ingali imelishika jiwe. Niliyajua yote mawili kwa wakati mmoja: kwamba bibi anangoja mwito wa pili na wa tatu, na kwamba wewe hutaita tena hata dunia ikigeuka. Nilijua. Niliogopa kwa ajili ya mwanangu, nikakuacha nyuma ya ukuta na kitenzi chako kimenyoosha mkono.

Baada ya kitambo jiwe la mama likaanza kusaga tena. Bibi akasema, "Upepo."

Kesho yake asubuhi nilikwenda nyuma ya tembe. Kile kikaburi kilikuwa kimefukuliwa, kibuyu hakipo. Bibi alisema ni fisi. Fisi gani, baba, anayekula kibuyu na kuacha mifupa ya mbuzi?

Nilijifungua binti. Tukahamia hapa Dodoma reli ilipofika, mume wangu akapata kazi ya kugonga mataruma, nami nikaendelea na vifungo vyangu. Asiyekuwapo na lake halipo, watu husema, nami nilijaribu kuamini hivyo. Nilikuwa karibu kufaulu.

Mwaka jana mtu wa reli aliniletea koti. Nilipokuwa namshonea tundu la kifungo kwa uzi mwekundu alinitazama mikono kwa muda, akasema, "Mshono huu nimeuona kwenye kibuyu."

Niliweka sindano chini.

"Kibuyu cha nani?"

"Cha mzee mmoja tuliyelala naye kambini, wakati tunafyeka njia ya reli upande wa Gulwe. Alikuwa anashuka kusini. Nilimuuliza, mzee, unatoka wapi? Akasema, natoka kwangu. Nikamuuliza wamekupokea vizuri? Akasema, niliita."

"Akasema alimwita nani?"

"Hakusema. 'Niliita,' basi. Nikamuuliza huko uendako je, kuna watu wako? Akasema, huko nako nimekwisha kwenda. Huko nako niliita."

Niliuliza ulikuwa na afya gani. Alisema ulikuwa mwembamba lakini unatembea. Nilifurahi, baba, nilifurahi kwa pumzi moja tu, mpaka alipoongeza jambo ambalo alisema halipendi. Walitaka kukujazia maji. Ukasema kibuyu kimejaa. Wakacheka, ukakiinamisha wakaona. Ulimwagika udongo mwekundu, ukamwagika, ukamwagika, mwingi kuliko kibuyu kiwezavyo kubeba, na ulipokiinua bado kilikuwa kizito. Asubuhi walikuta umekwisha kuondoka. Koti lake alilichukua kabla sijakata uzi.

Kwa hiyo sijui. Wakati wa kupika najiambia u hai, ulirudi kutoka Ibo, ukapita nyumbani ukakuta kaburi lako mwenyewe nyuma ya nyumba yako, ukasimama juu yake ukaniita, na mimi niliyekuwa nakujibu toka juu ya miti nikanyamaza. Hilo linanichoma. Wakati wa kulala najiambia ulikwisha kufa zamani, na hilo linanichoma vilevile. Sijui lipi nilitamani zaidi, maana katika yote mawili mimi ndiye niliyenyamaza.

Ningebaki hivyo, na barua hii nisingeiandika, kama si jambo la juzi.

Mwanangu sasa ana miaka mitatu. Kireno hajui, sijamfundisha hata neno, kile kitabu kimebaki Kolo. Juzi mchana alikuwa amekaa kizingitini anapanga vifungo vyangu mstari. Hakukuwa na treni, hakukuwa na mtu barabarani, ni upepo tu na vumbi. Mara akainua kichwa, akatazama upande wa kusini wa njia ya reli, akaitika vizuri kama nilivyomfunza:

"Abee."

"Nani kakuita?"

"Babu."

"Kakuita mara ngapi?"

Akaniinulia kidole kimoja.

Hajawahi kuambiwa kwamba ana babu. Tangu siku hiyo simwachi kizingitini. Ninashona yeye akiwa amefungwa mgongoni, mtoto mkubwa hivyo, na wateja wananicheka. Jana usingizini alinyoosha mkono wake mmoja mbele, vidole wazi, akakaa hivyo mpaka nilipouweka mkono wangu ndani yake. Nimekwisha kuuona mkono ule, baba. Niliuonyeshwa na wewe.

Sasa nisikilize, popote ulipo. Kama u hai, njoo. Stesheni ya Dodoma, uliza mama wa vifungo, hakuna asiyenijua. Mama yangu yupo, amezeeka, hajaolewa tena. Bibi alifariki, na siku zile za mwisho aliniuliza kama ule ulikuwa upepo kweli. Nilimwambia ndiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini nitakujazia mengine, na ule udongo tutaumwaga pamoja mpaka uishe.

Na kama umekufa, mwache mtoto. Hukosei mambo ya kitabu, usikosee na hili. Kitenzi chako kinadai binti, hakidai mjukuu; mjukuu katika kitabu ana neno lake jingine na hatukulifikia. Aliyekuacha na mkono wazi ni mimi. Mwanangu ameitika kwa sababu sikumfundisha kuogopa, kama nilivyokuwa mimi kabla ya siku ile. Usimchukue kwa deni langu.

Barua hii nitampa mshika bendera kesho, aende nayo mpaka mwisho wa reli, akiisoma kila anaposimama. Mimi nitakuwa kizingitini, mtoto nimempeleka kwa jirani. Kesho hiyo hiyo saa sita, jua likiwa utosini. Huna haja ya kuita tena, najua huna mara ya pili. Ulikwisha kuita, mimi ndiye niliyebakiza nusu yangu, na nitaisema kwa sauti kuelekea kusini, mtu asikie asisikie.

Uniwie radhi, baba. Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba naandika.

Ni mimi, binti yako.

*A filha.*

Abee, baba.